Kofia za Harusi ya Doto

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka uleule ambao tulimzika kaka yangu Kulwa mvua zikielekea kuisha, dada yetu Doto aliolewa. Nimeanza na kaburi kwa sababu sijui pengine pa kuanzia, lakini usiondoke, mwanangu. Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya furaha, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu barabarani, watu wananishangaa.

Mimi naitwa Shija. Kwetu Tabora jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa baada ya pacha. Pacha wenyewe walikuwa Kulwa, aliyetangulia kutoka tumboni, na Doto, aliyemfuata. Shule niliishia darasa la saba. Nikalima tumbaku kidogo, kisha nikashika pikipiki ya abiria, na ndiyo kazi iliyonilisha mpaka ndevu zimeingia mvi. Kwa hiyo nitakayokuambia sikuyasoma mahali. Niliyaona.

Kulwa naye alikuwa bodaboda, tena ndiye aliyenifundisha. Jioni aliyokufa alikuwa anarudi kutoka Ipole kumpeleka abiria. Ndama akakatiza barabara, Kulwa akamkwepa, akaanguka. Hakuwa na mwendo mkubwa. Hakuwa amelewa. Kichwa tu ndicho kilichogonga ukingo wa kalavati. Kofia yake ngumu ilikuwa imening'inia kwenye usukani, mahali ilipokaa siku zote. Polisi walipoturudishia vitu vyake, kofia ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Kioo chake kilikuwa bado na ile nailoni nyembamba ya dukani.

Usimdharau kwa hilo. Siku zile kijiweni kwetu kofia ilikuwa ya trafiki, si ya kichwa. Tuliitundika kwenye usukani au tuliivaa kwenye kiwiko kama bangili. Mwenzako akija kutoka mbele akakuwashia taa, ulijua trafiki wamesimama huko. Basi unakaa pembeni, unavaa, unafunga mkanda au hufungi, unapita kwa adabu, "Shikamoo afande," na ukishavuka kona unaitundika tena. Tulijiona wajanja sana. Abiria nao walikuwa upande wetu. Ukimpa kofia ya pili, huyu anasema nywele zake zimetoka saluni, yule anasema inanuka jasho la watu. Wengine, tena watu wazima wenye akili zao, walikuambia kwamba ukivaa kofia iliyovaliwa na mtu usiyemjua, anaweza kukuibia nyota, yaani bahati yako. Mpaka leo wapo. Basi kofia ya abiria ikawa inabaki nyumbani. Kwa Mihayo, mwenyekiti wetu wa kijiwe, kuku aliigeuza kiota na akatotoa humo vifaranga. Sikutanii.

Siku ya kumaliza matanga, baba mkubwa aligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, redio kwa yule mwingine. Ilipofika zamu ya kofia, hakuna aliyenyoosha mkono. Niliichukua mimi. Nikabandua ile nailoni, nikaivaa, na tangu hapo sijapanda pikipiki kichwa wazi.

Mama tangu msiba alikuwa hawezi kusikia pikipiki ikiwashwa. Alikuwa anaacha alichoshika, sufuria au jembe, anaingia ndani. Kwa hiyo kila asubuhi niliisukuma pikipiki yangu mpaka barabarani, mbali na nyumba, ndipo niwashe. Jioni nilizima kule kule na kuisukuma kurudi. Tukaishi hivyo, bila yeyote kumwambia mwenzake kwa nini.

Sasa tuje kwenye harusi.

Bwana harusi alikuwa Emanueli, mfuga nyuki wa Ipole, kijana anayeongea taratibu kama mtu aliyesimama karibu na mzinga. Yeye na ndugu zake walikwishafika mjini, lilipo kanisa, tangu jana yake. Sisi tulikuwa nyumbani Ntalikwa, si mbali sana na mji, lakini ni mbali kwa bibi harusi mwenye gauni jeupe kwenda kwa miguu. Tulikuwa tumeagiza lori la kutubeba sote. Asubuhi ubwabwa uko jikoni, wanawake wanaimba, shangazi yetu Nyanzala anafunga vifungo vya gauni la Doto, simu ikalia. Lori limekatika ekseli.

Mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa harusi na wa kuuza tumbaku, kila chenye magurudumu kimeshachukuliwa. Baba mkubwa alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Mchungaji naye alikwishatuambia mapema kwamba adhuhuri anaondoka kwenda Ulyankulu, wana ubatizo kule, na kwamba tukichelewa tumwie radhi. Emanueli amekaa kanisani na suti. Sisi tumekaa uani na vigelegele vilivyokauka mdomoni.

Ndipo tukasikia ngurumo. Kijiwe kizima kilikuwa kinakuja, Mihayo akiwa mbele. Wamefunga riboni kwenye vioo vya pembeni, wamevaa mashati ya sikukuu. Nami nikamtazama mama haraka. Safari hii hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, mikono imekaza magoti.

Mihayo alizima pikipiki, akasogea, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama..." akakwama hapo. Tangu msiba watu walikuwa hawajui kulimalizia jina lile. Wengine walikuwa wameanza kumwita Mama Doto, kwa kunong'ona, kama wanaiba.

"Malizia," mama akamwambia. "Jina hamkulizika."

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Mmefuata nini na kelele zenu?"

"Tumesikia lori limekufa, mama. Tumekuja kumbeba bibi harusi na watu wake. Kulwa alikuwa mwenzetu. Tutakaaje kijiweni, dada yake akose harusi?"

"Asanteni. Pacha wangu aliyebaki hapandi hicho kitu."

Doto akatoka nje. Nywele zake zilikuwa zimejengwa juu kama kichuguu, kazi ya mama mmoja wa mjini aliyeshinda nazo jana yake kutwa. Akasema, "Mama, nisipopanda naolewa lini?"

"Siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Ubwabwa umeiva, Emanueli yuko kanisani, mchungaji anaondoka."

"Basi nenda. Mimi nabaki."

Doto alimtazama. Kisha akaja akaketi chini mavumbini, kando ya kigoda, na gauni lake lote. "Usipokwenda wewe, siolewi," akasema. "Kulwa hayupo, na wewe tena usiwepo? Nitatembea na nani mle kanisani?"

"Gauni!" shangazi Nyanzala akapiga ukelele. "Jamani, gauni la watu!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mama na binti yake walikaa hivyo, wote wawili wabishi kwa namna moja, na jua linapanda. Nilijua mama hatanii, na Doto hatanii. Harusi ilikuwa inafia pale mlangoni.

Akajitokeza kijana mmoja wa kijiwe, tulimwita Spidi. Jina lake la ubatizo sijapata kulijua. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiopumzika.

"Mayu, usiogope," akamwambia mama, kwa lile neno letu la mama. "Nitambeba mwenyewe. Kufumba na kufumbua tuko kanisani. Mimi nikishika mafuta, hata upepo unaniomba njia."

Mama aligeuka, akamtazama toka viatu mpaka utosi. "Kofia yako iko wapi?"

"Hii hapa, Mayu." Akaonyesha usukani.

"Kwa hiyo kofia anavaa usukani."

"Aa, Mayu, ni joto tu..."

"Huo usukani una ubongo?"

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Nauliza. Ukianguka, tutalia usukani? Babu zenu walipita njia hii hii na mizigo ya watu kichwani mpaka pwani. Hakuna aliyepokea mzigo kabla hajaweka ngata yake ya majani. Shule hawakwenda hata siku moja, lakini kichwa walikitunza. Nyinyi mmenunua riboni. Mmenunua na picha za wachezaji wa mpira mkabandika mpaka kwenye tangi. Kichwa mmekiacha hivyo hivyo."

Hata wanawake jikoni waliacha kukoroga. Mihayo, mtu mzima mwenye watoto wa shule, akavua kofia yake, maana yeye kwa bahati alikuwa ameivaa, akaishika mbele ya kifua.

"Umesema kweli, mama. Sasa tufanye nini?"

Mwanangu, nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza mama swali hilo tangu msiba. Tulikuwa tunamwambia pole, tunamwambia kula, tunamwambia lala. Kumwuliza tufanye nini, hapana. Niliona mikono yake imelegea kwenye magoti. Akasimama.

Kumbe kulikuwa na jambo tusilolijua. Siku alipokwenda kituoni kuchukua vitu vya Kulwa, askari mmoja wa kike alimkalisha kwenye benchi akamweleza sheria ya pikipiki. Mama alikuwa ameikalia ndani ya moyo muda wote ule, ikimchoma. Sasa akaitoa, bila mpangilio, kila alichokumbuka na pale kilipomjia.

"Asiye na leseni asogee kule kwenye zizi."

Walitazamana. Kisha pikipiki kadhaa zikasukumwa taratibu kuelekea kwenye zizi la mbuzi. Spidi alikuwa miongoni mwao.

"Lakini Mayu, mimi naendesha tangu nina miaka kumi na minne!"

"Ndiyo maana nakwambia usogee. Wakati huo hukuruhusiwa, na leo huruhusiwi. Asiye na bima amfuate. Na taa ya mbele, kila mtu awashe yake niione. Askari alisema iwake hata mchana."

Taa zikawaka mchana kweupe. Ya jamaa mmoja ilikataa. Akaipiga ngumi, ikawaka. "Inawaka, mama!"

"Inawaka ukiipiga. Nenda zizini."

Hapo ndipo niliposikia shangazi Nyanzala akianza kucheka kwa pua. Mama akaendelea. Breki zikakaguliwa, Mihayo akizibana moja moja kwa mkono wake. Yeyote aliyekuwa ameonja pombe ya harusi asubuhi ile, hata kidogo, zizini. Vizibao vinavyong'aa vivaliwe juu ya mashati, hata kama vinaficha shati jipya. Nyuma ya dereva mtu mmoja, mmoja tu, ule mshikaki wa watu watatu hautaki. Watoto wadogo watabaki wale ubwabwa, keki wataletewa. Na kofia kwa kila kichwa, cha anayeendesha na cha anayebebwa, mkanda umefungwa chini ya kidevu.

Leseni zilikuwapo za kutosha. Kofia ndizo zilizotushinda. Kila dereva alikuwa na yake, lakini ya abiria alikuwa nayo mmoja mmoja. Mihayo alikuna shingo akasema yake ina kuku.

"Spidi," mama akaita kule zizini. "Wewe unayeombwa njia na upepo. Kupiga pedeli unajua?"

"Najua, Mayu."

"Chukua baiskeli ya Shija. Zunguka vijiwe vyote. Waambie Mama Kulwa anaazima kofia za harusi ya Doto."

Sijawahi kumwona mtu akipiga pedeli namna ile. Wala hakukawia. Alirudi jasho linamtiririka, gunia kubwa limefungwa nyuma kwa mpira, na kila akipita kwenye shimo gunia linagonga ko-ko-ko kama vibuyu. Akalimwaga uani. Nyekundu, nyeusi, moja ina masikio ya paka yaliyochorwa, moja imeandikwa "Mungu Yupo". Na ya Mihayo pia ilikuwamo. Mkewe alikuwa amemwondoa kuku, lakini manyoya machache yalibaki.

"Vijiwe vyote wamekubali?" Mihayo akamwuliza.

"Wamekubali! Wengine walikuwa hawajazivaa tangu wanunue. Mmoja ameniuliza, hivi hii kitu inafungwa wapi?"

Nikadhani tumemaliza. Shangazi Nyanzala akashika kofia moja kwa vidole viwili, akainusa, akaiweka chini.

"Hii mimi sivai. Simjui aliyeivaa. Nyota yangu je?"

"Nyanzala," mama akasema, "nyota yako umekuwa nayo miaka yote hiyo, imekupa nini mpaka mtu aje kuiiba?"

"Wifi, usinichokoze. Mambo haya yapo."

Mama hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na khanga yake ya msiba, ile aliyojifunga siku zote tangu tumzike Kulwa. Akaishika pindo kwa meno, akairarua. Alirarua tena, na tena, vipande vya kutosha kila mwanamke, akavigawa.

"Jifungeni kichwani kwanza, ndipo kofia ije juu. Jasho la watu halitawafikia. Nyota nayo itakaa ndani ya kitambaa."

Shangazi alikipokea kipande chake kwa mikono miwili, akajifunga.

Akabaki Doto. Nilimvika kofia mimi mwenyewe, ikagoma. Ilikaa juu ya zile nywele kama chungu juu ya mafiga, ikiyumba. Tukatafuta kubwa zaidi, ile ya "Mungu Yupo". Nayo ikakaa juu.

"Mama," Doto akasema kwa sauti ndogo, "ni leo tu. Safari yenyewe fupi. Nitamshika Shija kwa nguvu."

Mama alimwendea, akamshika uso. Alimjibu taratibu, bila ukali. "Kulwa naye ilikuwa ni leo tu, mwanangu. Siku zote alikuwa anasema ni leo tu."

Machozi yalimjaa Doto, na wanja ukaanza kutembea. Kisha akavuta mkeka, akaketi, akampa shangazi mgongo.

"Fumua."

"Nifumue? Nywele hizi? Unajua mama wa watu alishinda nazo..."

"Shangazi, fumua. Nisuke chochote kinachoingia ndani ya kofia."

Wanawake wakamzunguka. Kazi ya kutwa nzima ikafumuliwa na mikono mingi, mmoja anatoa pini, mwingine anachana, shangazi anasuka mbio mistari iliyolala chali kuelekea kisogoni. Alipofika nusu ya kichwa aliacha, akajitazama vidole.

"Ee Mungu wangu. Jamani, mnaona ninachosuka?"

Tuliona. Ilikuwa ni ile misuko myepesi ambayo wanawake wetu husukana wakiwa na haraka ya kwenda kwenye msiba. Inaitwa twende kilioni.

"Bibi harusi na twende kilioni!" shangazi akasema, amejishika mdomo.

Nilimtazama mama kwa hofu. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nikajua sasa atalia, na akilia yeye tutalia sote, na mchungaji ataondoka. Badala yake kicheko kikamtoka. Kilianza tumboni, kikampanda mabega, akashika nguzo ya mlango. Alicheka mpaka akakaa chini. Doto naye akacheka, wanja umefika shavuni, na shangazi, na Mihayo, na wale wa zizini waliokuwa hawajui tunacheka nini. Nilikuwa sijasikia kicheko cha mama tangu mvua.

"Suka," akasema akijifuta macho. "Suka, Nyanzala. Shela itafunika. Huko tunakokwenda si kilioni."

Kofia iliingia. Shela tuliikunja kwenye mkoba wa shangazi. Gauni tulilikusanya tukalifunga kiunoni kwa khanga lisije likaingia kwenye mnyororo, maana hilo nalo limeua watu, shika neno hilo. Doto alipanda nyuma ya Mihayo, aliyekuwa mtulivu kuliko sote. Mama akaja upande wangu. Nilimfunga mkanda chini ya kidevu, nikaujaribu, nikaufunga upya. Aliweka mikono yake kiunoni mwangu, nikawasha. Nilimsikia akivuta pumzi nyuma yangu. Hakushuka.

Tulitoka mmoja nyuma ya mwenzake, taa zimewaka, mwendo wa polepole, tumeachiana nafasi. Mashambani watu waliacha kazi wakatushangaa. Vigelegele vya kina mama vilitoka ndani ya kofia vikiwa na mwangwi, kama vinatoka kisimani, na kila mmoja akisikia chake anacheka na kupiga kingine. Spidi na wenzake wa zizini walitufuata kwa baiskeli na kwa miguu, wakiimba.

Tulipokaribia mji, bodaboda mmoja aliyetoka mbele akatuwashia taa. Tulijua maana yake. Kwa mazoea mikono ikataka kwenda kwenye usukani kutafuta kofia. Hakukuwa na cha kutafuta. Nilimwona Mihayo mbele yangu mabega yakitingishika kwa kucheka.

Trafiki alitusimamisha wote. Alitembea kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi, mikono nyuma. Alikagua leseni, akachungulia taa, akahesabu watu juu ya kila pikipiki. Mwishowe akasimama mbele ya mama.

"Mama, kuna nini? Mbona wote mmevaa?"

"Harusi, baba."

"Harusi? Harusi za huku huwa zinapita hapa watatu watatu, kichwa wazi, mmoja amesimama juu ya kiti." Akamtazama tena Mihayo. "Hawa wamekosa nini? Maana mimi sioni kosa, na mtu asiye na kosa ananitia wasiwasi."

"Kosa lao wananichelewesha," mama akasema. "Na wewe sasa unawasaidia."

Yule askari akacheka, akasimamisha magari ya upande wa pili, akatupisha.

Mwanangu, kabla sijafika kanisani acha nikuambie lililo moyoni mwangu, maana najua nawe unataka kushika usukani, na sitakuzuia. Pikipiki ni kazi nzuri. Imenijengea nyumba, imewapeleka wajawazito hospitali, imemfikisha dada yangu kwa mumewe. Lakini kajifunze kwanza kwa mtu anayefundisha, ukate leseni, ukiwa na umri unaoruhusiwa. Usione bima ni usumbufu. Siku ya balaa ndiyo itakayosimama na wewe hospitali. Kofia vaa kabla ya kuwasha, ufunge na mkanda, maana isiyofungwa huruka kabla yako. Mpe na abiria yake, na akikataa kwa sababu ya nywele au nyota, mpe kitambaa. Akikataa tena, mwache atembee. Usimbebe. Utamkasirisha, lakini kesho atakuwa bado yupo wa kukukasirikia. Mtu mmoja nyuma. Taa iwake. Ukionja pombe, iache pikipiki ilale. Na mwenzako akikuwashia taa kwamba mbele kuna trafiki, usibadilishe chochote, endelea ulivyokuwa. Ukiweza hivyo umekuwa dereva. Sheria hii sikuipenda nilipokuwa kijana, niliiona imetungwa na watu wanaotuonea. Sasa najua kila mstari wake una mtu kama Kulwa nyuma yake, na mama yake.

Mungu akulinde mwanangu, unapotoka na unaporudi. Akupe breki zinazoshika na subira ya kuzitumia. Anayekungoja nyumbani asikie ukizima pikipiki mlangoni, kila jioni, mpaka uzeeke ukatae mwenyewe kuendesha.

Basi, tukapita. Mnara wa kanisa ukaonekana. Mikono ya mama ilikuwa imelegea kiunoni mwangu, ameketi sasa kama mtu aliyezoea. Nikahisi kidole kikinigonga begani.

"Shija."

"Naam, mama."

"Hii kitu ndiyo mwisho wake hapo? Haiwezi kukimbia kidogo? Mchungaji ataondoka."

"Inaweza, mama."

"Basi?"

"Basi sikimbii."

Akanipiga kofi juu ya kofia, ko! na pale pale, sikioni mwangu, akapiga kigelegele kirefu mpaka tukaingia uani mwa kanisa.